Konzi Mbili za Herufi

14 Septemba

Ratili kumi na nne za risasi leo, na zinazofaa hazifiki sita. Duka la matairi la karibu na daraja hawana tena vile vipande laini vya kusawazishia magurudumu. Siku hizi ni zinki na chuma. Fundi wao alinimwagia ndoo nzima sakafuni nichague mwenyewe, akasimama kuniangalia nikipitisha ukucha juu ya kipande kimoja kimoja.

"Mzee, unachagua risasi kama mama mkwe anayechagua nyanya."

"Nyanya mbovu haimtoi mtu vidole," nilimwambia. Alidhani ni mzaha, akacheka.

Risasi ya gobore lazima ikubali ukucha. Ukiibonyeza, ibaki na mfereji mwembamba unaong'aa. Ikiukataa ukucha, hiyo ni ya bunduki za kisasa, si yetu. Nina miaka sitini na minane, nimesoma vitabu vingi kuliko mtu yeyote wa ukoo wetu wa Moua katika mji huu wa Wausau, huku ugenini, na elimu pekee ninayoiamini bila kusita ni hiyo ya ukucha.

Kesho msimu wa kuwinda kindi unafunguliwa.

15 Septemba

Baridi kidogo, ukungu bondeni. Tulikuwa saba kwenye msitu wa serikali, magari matatu. Kabla mtu hajashika bunduki, kaka yangu Wa Chue alisimama nyuma ya gari lake kutoa mawaidha anayoyatoa kila mwaka. Aliinua mdeki, ile fimbo ya kushindilia, akawaonyesha alama aliyoichonga kwa kisu.

"Baruti ikishaingia, na goroli ikashuka mpaka juu yake, alama hii inalingana na mdomo wa mtutu. Isipolingana, goroli imekwama njiani. Ukifyatua hivyo, bunduki inakupasukia mwenyewe." Kisha akainua mkono wa kushoto, ule wenye vidole viwili. "Hii si kazi ya askari. Hii ni kazi ya haraka. Nilikuwa na haraka."

"Baba, tumeyasikia haya tangu nina meno ya utoto," alisema binti yake Mai Nou, ambaye sasa ana miaka thelathini na minane na shabaha kuliko wanaume wote wa ukoo.

"Utayasikia mpaka uwe na ya bandia."

Walicheka. Mimi nilijishughulisha na kamba ya kiatu.

Haikuwa haraka. Zilikuwa goroli zangu. Nimeandika sentensi hizi mbili, na ni mara ya kwanza katika miaka arobaini kuziandika kwa lugha yoyote.

23 Septemba

Mvua. Sikutoka. Mai Nou ameleta kindi wanne. Supu ya mchaichai na pilipili.

2 Oktoba

Nimeyeyusha. Upepo ulitoka kaskazini, kwa hiyo nilifungua mlango wa gereji na kuupa mgongo. Vipande viwili vya zinki vilikuwa vimenipita machoni. Vikaelea juu kama biskuti kwenye chai, nikaviopoa kabla moto haujazidi. Nilitupia nta ya nyuki, moshi ukashika moto, nikakoroga, uchafu ukapanda, nikaengua. Kilichobaki chunguni kilikuwa kioo.

Wa Chue alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha turubai, mbali na moshi, kama afanyavyo kila mara ninapoyeyusha. Nilimpa chai, akasema haitaki. Hajawahi kukataa chai yangu.

9 Oktoba

Merle, mwenye yadi ya vyuma chakavu, alinipigia simu. Kanisa moja linaezekwa upya, na amepata mabamba ya risasi ya paa lake la zamani. Nilipoyabonyeza, ukucha ulizama kama kwenye nta. Sijaona risasi safi hivi kwa miaka kumi.

"Na hizi je?" Merle alisogeza ndoo kwa mguu. "Gazeti la mji wa pili limefungwa. Hakuna anayezitaka. Chukua bure, nipate nafasi."

Ilikuwa ndoo ya herufi za chapa, zile za risasi ngumu. Nilisimama juu yake mpaka Merle akaniuliza kama naumwa.

Niandike sasa, nikiwa na ujasiri. Mwaka 1978 tulikuwa na mwaka wa tatu msituni, kule Laos, tukiwakimbia askari wa serikali kilima hadi kilima. Nilikuwa mwalimu wa shule isiyokuwepo tena, na mgongoni nilibeba mfuko wa herufi za matbaa ya shule hiyo. Lugha yetu ilikuwa imeandikwa kwa miaka ishirini na mitano tu; sikuweza kuziacha. Wengine walibeba mchele. Kila tulipopumzika Wa Chue alinitania: "Askari wakitokea, Mwalimu atawafyatulia irabu." Watu wote walicheka. Nami nilicheka, lakini utani ule uliniingia.

Asubuhi moja baba alinipa kalibu na mche wa mwisho wa risasi, akataka goroli ishirini. Mche ule ulitosha kumi na mbili. Nilichota konzi mbili za herufi nikaziyeyushia humo. Goroli zilitoka nzuri kuliko zote nilizowahi kumimina, zinang'aa, na hazikutaka kubanduka kwenye kalibu. Ilibidi kuigonga kwa kijiti. Dalili ilikuwa hiyo, na mimi nilikuwa nikifurahia mng'ao. Risasi tupu ikipoa husinyaa. Iliyochanganywa na herufi haisinyai vile, kwa hiyo goroli hubaki nene kwa unene wa unywele. Katika mtutu safi itapita. Ukishapiga mara mbili na masizi yakaganda, haipiti.

"Ishirini kamili," Wa Chue alisema. "Umezizalisha?"

"Nimebana."

Alinipiga bega. Nilifurahi siku nzima.

Alasiri askari walitukuta kwenye kijito. Wa Chue alibaki nyuma kuwazuia ili sisi tupande mlima. Alipiga mbili. Ya tatu ilimpasukia.

Siku kumi na saba baadaye tulivuka mto Mekong kwa matita ya mianzi. Kia, mtoto wake wa kwanza, alikuwa na miaka minne. Alikuwa upande wake wa kushoto, na mto ukamtoa kwenye vile vidole viwili.

Nimeileta ile ndoo nyumbani. Sijui kwa nini.

10 Oktoba

Ndoo iko chini ya meza ya gereji. Nimeifunika gunia.

17 Oktoba

Wa Chue alikuja kuazima tupa, akaliona gunia.

"Unaficha pombe, mdogo wangu?"

Alilivuta kabla sijasema neno. Akachota herufi kwa mkono wake mzima, akaziacha zidondoke moja moja, akabaki na moja. Aliigeuza kwenye mwanga.

"Za kusoma au za kuyeyusha?"

"Za kutazama."

Aliibonyeza kwa ukucha. Akabonyeza tena, kwa nguvu zaidi. "Hii haikubali."

"Haikubali."

"Ulikuwa na mfuko wa hizi."

"Nilikuwa nao."

"Uliishia wapi ule mfuko?"

Nilimwambia niliutupa msituni, mizigo ilikuwa mingi. Sauti yangu ilitoka vizuri kabisa. Alitikisa kichwa, akachukua tupa, akaondoka. Nilipozirudisha herufi ndooni sikuiona ile aliyoibonyeza.

28 Oktoba

Mai Nou alinikuta nikifagia majani. Alisimama na funguo za gari mkononi.

"Baba mdogo, baba ana saratani ya kongosho. Imeshasambaa. Wamesema tuhesabu wiki, tusihesabu miezi."

"Yeye anajua?"

"Amejua kabla yao. Ameniuliza kama ataufikia msimu wa magobore."

Msimu huo ni siku kumi, kuanzia tarehe 26 Novemba. Nilimwambia ataufikia. Niliendelea kufagia baada ya gari lake kuondoka, sehemu ileile.

3 Novemba

Nimeshinda kwa Wa Chue. Macho yamekuwa ya manjano. Yer, mkewe, alipika kuku na majani machungu. Wa Chue alionja mchuzi tu.

Hazungumzii kufa. Anazungumzia kipande kilichomwingia gobore lilipopasuka. Kiko chini ya mtulinga wa kushoto tangu siku ile ya kijito. Ukikigusa kinateleza chini ya ngozi kama kokwa. Kwetu maiti haendi na madini yoyote. Hatumvishi zipu wala kifungo, na jeneza hupigiliwa vijiti. Aliyekufa lazima arudi kwa miguu katika kila mahali alipopata kuishi, kituo baada ya kituo, mpaka kwenye nyumba lilikozikwa kondo lake la nyuma. Akiwa na chuma mwilini, njia inamlemea, na atazaliwa tena na jeraha lilelile.

"Wausau," alihesabu kwenye vidole, "kambini, mtoni, kijitoni, halafu vilima. Siwezi kupita kijitoni nikiwa nimebeba kitu cha kijitoni."

"Daktari amesema wewe ni dhaifu," Yer alimwambia.

"Mwambie daktari sendi kucheza ngoma. Nakwenda kufa. Anikate."

Yer aliinuka kutazama sufuria. Huyu shemeji yangu amemlaumu mumewe mara moja tu, ninavyojua mimi. Ilikuwa katika kambi ya wakimbizi, mwaka wa kwanza. Alisema, "Ungeshindilia mpaka mwisho." Nilikuwepo. Wa Chue alisema, "Nisamehe." Amelisema neno hilo kila mwaka tangu hapo, siku ya kuvuka mto inapofika, kwa sauti ya chini, kabla ya chakula. Na mimi kila mwaka huwa nimealikwa.

10 Novemba

Ukumbi wa mwaka wetu mpya ulijaa. Wasichana walirushiana mipira na wavulana. Kaka hakuja.

16 Novemba

Alitaka goroli kumi na mbili. "Nataka nikae msituni siku moja na gobore langu. Hata nisipopiga kitu." Hilo gobore alilitengeneza mwenyewe hapa, kwa vidole saba, miaka ishirini iliyopita.

Nilimimina zile risasi za paa la kanisa. Kalibu ilikuwa baridi mwanzoni, goroli tatu zikatoka na makunyanzi, nikazirudisha. Zilizofuata zilidondoka zenyewe nilipofungua kalibu. Nilipima kila moja kwenye mizani; mbili zilikuwa nyepesi, maana yake zina povu la hewa ndani, nikazirudisha nazo. Kumi na mbili zilizobaki nilizipanga kwenye katoni ya mayai.

Wa Chue alikuwa kwenye kiti chake, blanketi magotini.

"Ungekuwa wewe umeshika gobore siku ile," alisema, "lisingepasuka. Wewe ni mtu wa kupima. Mimi nilikuwa na haraka."

Chungu kilikuwa bado cha moto. Hakukuwa na mtu mwingine gerejini. Aliniangalia muda mrefu kuliko kawaida yake. Ninapoandika hivi, nahisi alikuwa akinipa nafasi. Niliuliza kama anahisi baridi.

24 Novemba

Theluji ya kwanza iliyoshika. Daktari mwingine amekubali kukitoa kipande, kwa sindano ya ganzi tu, kwa kuwa kiko juu juu. Tarehe 29.

Kitakapotoka, Wa Chue atakibonyeza kwa ukucha. Hakuna mwindaji ambaye asingefanya hivyo. Ikiwa ni chuma cha mtutu, nitakuwa nimepona; ikiwa ni risasi isiyokubali ukucha, atajua. Nimejikuta naomba kiwe chuma. Mzee mzima, naomba hivyo.

27 Novemba

Msimu wa magobore una siku ya pili, na hakuweza kutoka kitandani. Nilikwenda saa nne asubuhi. Yer alikuwa amekwenda kununua mchele. Kitanda kimewekwa sebuleni, karibu na dirisha, ili aone kulungu wa jirani wanaokula vichaka vya uani. Gobore limeegemezwa ukutani, katoni ya mayai iko dirishani.

Nilikaa bila kuvua koti.

"Kaka, zile goroli za kijitoni nilizichanganya."

Hakugeuka. "Na nini?"

"Herufi."

"Kiasi gani?"

"Konzi mbili kwa mche mmoja."

"Konzi za mtu mzima."

"Ndiyo."

Kulungu mmoja alitoka nyuma ya banda, akasimama. Tulimtazama wote wawili, kwa mazoea.

"Ulijua zitakwama?"

"Sikujua. Nilijua ni ngumu. Niliona zinang'ang'ania kalibu. Sikutaka kufikiri. Ulikuwa umenicheka."

"Nilikuwa nakucheka," alikubali. "Halafu ulijua lini?"

"Jioni ileile. Mfuko wako ulibaki na goroli kadhaa. Nilichukua moja nikaijaribu kwenye gobore la baba, likiwa bado chafu. Ilikataa. Nilizitupa zote bondeni."

Alifumba macho. Nilidhani amechoka, nikaanza kuinuka.

"Kaa."

Nikakaa.

"Mto nilivuka mimi. Mtoto alikuwa mkononi mwangu, si mwako. Hilo ni langu, sikugawii." Alipumua mara kadhaa. "Lakini kila mwaka nimemwomba mama Kia msamaha kwa haraka yangu. Miaka arobaini. Na wewe ulikuwa mezani."

"Nilikuwa mezani."

"Unakula."

Nilikuwa nimeandaa maneno, nimeyapanga vizuri, kuhusu hofu, kuhusu ujana, kuhusu jinsi siku moja ya kunyamaza inavyoifanya ya pili iwe nyepesi. Hakuna hata moja lililofaa kutolewa mbele ya mtu yule.

"Yer anajua?" aliuliza.

"Hajui mtu."

"Basi nenda nyumbani, Mwalimu."

Njiani nilikutana na Yer akiburuta gunia la mchele kwenye theluji. Nilimbebea hadi mlangoni. Alinishukuru.

30 Novemba

Mai Nou alipiga simu: naitwa, nije peke yangu. Bega la Wa Chue limefungwa bandeji, na kope zilikuwa nzito kwa dawa, lakini aliniona. Alitoa karatasi laini iliyokunjwa chini ya mto, akaniwekea kiganjani.

Ndani kulikuwa na vitu viwili. Kimoja ni kipande cha kijivu kama punje ya mahindi. Kingine ni herufi, ile aliyoondoka nayo mwezi Oktoba.

"Nimevijaribu vyote viwili," alisema. "Ukucha haviukubali, kisu kinavikata. Ndugu wa tumbo moja hao."

Niliweka ukucha kwenye kile kipande. Uliteleza.

"Nilishaanza kukisia, tangu ile ndoo. Nilitaka uniambie wewe kabla daktari hajaniambia." Alitafuta pumzi. "Umewahi kwa siku mbili. Nichukulie mali yako. Nimekutunzia vya kutosha."

2 Desemba

Simu haijalia. Nimesugua chungu, ingawa hakikuwa kichafu.

4 Desemba

Nilikwenda bila kuitwa. Wapwa na watoto wa binamu walikuwa wameleta habari za msituni. Wamekaa sakafuni na soksi zao mbichi. Mai Nou amepata dume mmoja wa kulungu kwa gobore la baba yake, kwa goroli moja kati ya zile kumi na mbili. Aliieleza ile goroli ilivyoshuka mtutuni, laini, mpaka alama ikalingana.

"Alama ndiyo kila kitu," Wa Chue alisema. Sauti ilikuwa uzi. "Mnaona mkono huu?"

Yer alikuwa mlangoni mwa jiko, ameshika kitambaa. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na makoti. Nilisubiri jina langu. Naandika ukweli: nililitamani. Baada ya miaka arobaini, mtu mwingine alibebe neno hilo mpaka mezani aliweke.

"Hii si kazi ya askari," alisema. "Hii ni kazi ya haraka. Nilikuwa na haraka."

Hakunitazama. Sijui kama alinisitiri au alinifungia nje. Nimejiuliza jioni nzima, na kila jibu linanistahili.

5 Desemba

Msimu umefungwa. Goroli kumi na moja zimebaki kwenye katoni.

8 Desemba

Wa Chue Moua amefariki saa moja asubuhi. Mai Nou alikagua nguo zote mara mbili, akakata vifungo vya shati kwa mkasi wa jikoni.

16 Desemba

Siku ya pili ya mazishi. Alfajiri ya jana mwimbaji alimwonyesha njia, akitaja vituo kwa kurudi nyuma: Wausau, kambi, mto, kijito. Kijito hakina jina, kwa hiyo aliniuliza mimi, mdogo wa marehemu, aseme nini. Nilimwambia aseme, "pale mkono ulipoumia." Hata hapo nilichagua maneno.

Leo alasiri mzee msimamizi alisimama kama desturi ilivyo. Aliuliza kama yupo mwenye neno na marehemu, au mwenye kitu chake, akiseme sasa, kisimfuate njiani. Aliuliza mara ya kwanza. Watu walikuwa wakila. Akauliza mara ya pili.

Ya tatu niliinuka. Niliiweka karatasi laini mezani, nikaifunua. Nilisema kwamba kaka yangu hakuwa na haraka siku ile. Nilisema alishindilia kama mtu anavyotakiwa kushindilia, na goroli ilikwama kwa sababu mimi niliichanganya na herufi ngumu, nikaficha, nikaendelea kuficha. Yalikuwa maneno machache. Nilishangaa kuona yanaisha upesi vile.

Mai Nou alitazama mkono wangu, kisha kile kipande, kisha akatazama kando. Mpiga ngoma alishusha vijiti vyake magotini.

Yer alikuwa kwenye meza ndefu na wanawake wengine, akikunja karatasi za dhahabu kuwa mashua, zile zinazochomwa ili marehemu awe na cha kutumia huko aendako. Mashua iliyokuwa mkononi mwake aliimaliza, akaibana kingo kwa ukucha, akaiweka juu ya lundo. Kisha alivuta kiti kilichokuwa tupu kando yake na kusukuma bunda la karatasi mbele ya kiti hicho.

"Kia hakukunjiwa hata moja," alisema. "Kaa hapa. Kunja."